Nani Mwenye Kibodi? Mhadhara juu ya programu inayofungua nyingine



Skrini ya kompyuta inaweza kubeba madirisha ishirini kwa wakati mmoja, lakini kibodi ni moja, na kila herufi inayobonyezwa lazima iangukie dirisha moja tu. Dirisha hilo ndilo waandishi wa programu husema lina fokasi. Kwa kawaida mtu hana haja ya kulifikiria: akibofya barua anaandika barua, akibofya hesabu anaandika hesabu. Tatizo huanza pale programu moja inapofungua nyingine. Kiungo kilichomo ndani ya barua pepe huamsha kivinjari. Programu ya uhasibu huita kisomaji cha PDF ili risiti ionekane. Kisakinishi huamsha kisakinishi kingine, nacho hulazimika kuomba ruhusa kwa mfumo endeshi. Katika kila hatua ya mnyororo huo dirisha jipya huzaliwa, na swali ni lile lile: lipokee kibodi papo hapo, au likae nyuma lisubiri kuitwa? Ninachokusudia kukitetea jioni hii ni kwamba haki ya kushika kibodi hutoka kwenye mkono wa mtumiaji peke yake. Programu iliyopewa haki hiyo inaweza kuikabidhi kwa ile inayoifungua. Haiwezi kuizua yenyewe, wala kuiweka akiba kwa ajili ya baadaye.

Wapo wanaoliona jambo hili kuwa kero ndogo ya watu wenye haraka. Tulipime basi. Mchapaji wa kawaida wa maneno 40 kwa dakika, kwa kipimo kile cha uchapaji ambacho neno moja huhesabiwa vibonyezo vitano, hubonyeza zaidi ya mara tatu kila sekunde. Akichelewa sekunde moja tu kutambua kwamba dirisha limebadilika, vibonyezo vitatu vimekwisha kwenda kwa mgeni. Kimojawapo kikiwa Enter, huenda amekwisha kukubali jambo ambalo hakulisoma. Kama alikuwa katikati ya nenosiri, nusu yake sasa imeandikwa waziwazi mahali ambapo herufi hazifichwi, pengine kwenye kisanduku cha maongezi ambacho mwenzake anakisubiri upande wa pili. Jef Raskin, aliyeanzisha mradi wa Macintosh pale Apple, alieleza katika The Humane Interface, kitabu cha mwaka 2000, kwamba umakini wa mtu hukaa mahali pamoja kwa wakati mmoja, na alama zilizo nje ya mahali hapo huweza kumpita bila kuziona. Karani anayenakili takwimu kutoka kwenye daftari hatazami skrini hata kidogo. Kumwambia kwamba dirisha jipya lilikuwa kubwa na lenye rangi si hoja. Waliotengeneza Firefox walilichukulia jambo hili kuwa la usalama. Katika kisanduku kinachouliza kama usakinishe kiongezi, kitufe cha kukubali hakibonyezeki kwa muda mfupi tangu kisanduku kitokeze, na kisanduku kikipoteza kibodi kisha kikaipata tena, muda huo huhesabiwa upya. Hakuna anayeweka ulinzi wa namna hiyo dhidi ya kero.

Kwa asiyeona, madhara ni makubwa zaidi. Kisoma skrini kama NVDA, kilichoanza kutengenezwa Australia mwaka 2006, hufuata fokasi: husema kile kilichopo mahali kibodi ilipo. Dirisha geni likitwaa kibodi, sauti hukatika katikati ya sentensi na kuanza kutaja jina la dirisha lile, kisha vitufe vyake. Mwenye macho hutupa jicho akajua alikotoka. Asiyeona hana budi kurudi akitafuta hatua kwa hatua. Miongozo ya W3C ya ufikivu wa tovuti, toleo la 2.0 la Desemba 2008, ina kigezo kinachotaka mabadiliko ya muktadha yatokee kwa ombi la mtumiaji tu, la sivyo iwepo njia ya kuyazima. Kigezo hicho kimewekwa katika ngazi ya AAA, ambayo tovuti nyingi hazijilazimishi kuifikia. Kwa maoni yangu kiliwekwa juu mno; kilistahili kuwa miongoni mwa masharti ya mwanzo kabisa.

Sasa tuangalie mifumo endeshi ilivyolishughulikia jambo hili, maana humo ndimo ushahidi ulimo. Hadi Windows 95, programu yoyote iliweza kuita SetForegroundWindow na kujiweka mbele wakati wowote iliotaka. Kuanzia Windows 98 na Windows 2000, Microsoft iliweka masharti. Mwito huo hukubaliwa ikiwa, kwa mfano, programu inayouita ndiyo tayari iko mbele, au imefunguliwa na ile iliyo mbele, au ndiyo iliyopokea kibonyezo cha mwisho cha mtumiaji. Nje ya hapo dirisha hubaki nyuma, na kitufe chake kwenye upau wa kazi humemeta kuashiria kwamba kuna jambo. Upo pia muda wa kufuli, ambao kwa kawaida ni milisekunde 200,000, yaani dakika tatu na sekunde ishirini: ndani ya muda huo tangu mtumiaji aguse kibodi au kipanya mara ya mwisho, wengine hawaruhusiwi kumsukuma kando. Ukiyatazama vizuri masharti hayo, utaona yote yanafuata alama za mkono wa mtu. Mwenye haki ni yule aliyeguswa, au yule aliyeitwa na aliyeguswa.

Kulikuwa na amri nyingine iliyokuja na Windows 2000, isiyojulikana sana, nayo ndiyo kiini cha hoja yangu. Inaitwa AllowSetForegroundWindow. Kwa amri hiyo, programu yenye haki humtaja mwenzake kwa namba na kumruhusu aje mbele. Lakini ruhusa hiyo ina ukomo: mtumiaji akibonyeza au kubofya kitu kingine ambacho hakikuelekezwa kwa huyo aliyeruhusiwa, ruhusa imekwisha. Nasema waliobuni kanuni hii walielewa jambo ambalo watengenezaji wengi bado hawajalielewa. Mtu anapobofya kiungo, kweli anataka kivinjari. Ila anakitaka sasa. Kivinjari kikichukua sekunde kumi na tano kuamka, na katika sekunde hizo mtu akarudi kwenye barua yake kuandika, basi ombi lake la kwanza amelifuta mwenyewe kwa vidole vyake. Haijalishi kwamba alibofya. Tangu hapo amefanya uamuzi mpya.

Waandishi wa programu waliitikiaje masharti hayo? Wengi walitafuta mwanya. Mmoja hujifanya mtumiaji kwa kutuma kibonyezo bandia cha Alt, ili mfumo udhani mkono wa mtu umepita kwake. Mwingine huunganisha foleni yake ya vibonyezo na ya dirisha lililo mbele, kisha hupita kwa jina la mwenzake. Wa tatu huandika sifuri mahali pa zile milisekunde 200,000, na kwa hiyo huondoa kinga kwa programu zote za mtumiaji huyo, si yake tu. Mbinu hizi zimefundishwa na kunakiliwa miaka mingi kana kwamba ni suluhisho la kawaida. Kila anayezitumia ana sababu njema: programu yake ni muhimu. Lakini ndivyo kila mmoja anavyodhani kuhusu ya kwake, na mtumiaji aliye na programu kumi zenye watengenezaji wa namna hiyo amekaa mbele ya mashine inayompokonya kibodi mara kumi.

Katika ulimwengu wa Linux na Unix safari ilikuwa ndefu na yenye mafunzo zaidi. Mfumo wa madirisha wa X uliamini adabu ya programu. Chombo chochote kilichounganishwa nao kiliweza kuomba kibodi na kuipata. Baadaye watu wa mradi wa freedesktop.org waliandika utaratibu wa taarifa ya kuanza. Programu inayofungua nyingine huiwekea mtoto wake kigeu cha mazingira kiitwacho DESKTOP_STARTUP_ID, ambacho ndani yake mna wakati ule mtumiaji alipobofya. Dirisha jipya linapotokeza, msimamizi wa madirisha hulinganisha wakati huo na mara ya mwisho mtumiaji alipogusa dirisha alilomo. Kama mguso wa dirisha lake ni wa karibuni zaidi, mgeni huwekwa nyuma na kupewa alama kwamba anaomba kuangaliwa. Kanuni hiyo ni ya haki kabisa. Udhaifu wake ni kwamba saa hutajwa na programu yenyewe, na programu inaweza kudanganya.

Tena kulikuwa na fundo jingine ambalo saa peke yake haikulifungua. Programu nyingi za leo hukubali kuwa na nakala moja tu. Ukibofya kiungo wakati kivinjari kimekwisha kufunguliwa, nakala mpya huanza, humkuta mkubwa wake yuko kazini, humpa anwani, kisha hujifunga. Haki ya kuja mbele alikuwa nayo mdogo, kwa kuwa ndiye aliyezaliwa na programu iliyobofywa. Dirisha analo mkubwa, ambaye hakuguswa na mtu. Mdogo akifa bila kukabidhi, ukurasa hufunguka nyuma kimyakimya, mtumiaji hudhani kiungo kimeharibika na kubofya tena, na tena, kisha baadaye hukuta kurasa nne zinazofanana. Hapa ndipo dhana ya uzazi, kwamba mtoto wa aliye mbele naye aje mbele, inaposhindwa. Kinachohitajika ni kitu kinachobebeka.

Wayland, mfumo uliokuja kuchukua nafasi ya X, uliamua kwamba programu haiwezi kabisa kujipa kibodi. Mwaka 2021 ukaongezewa itifaki iitwayo xdg-activation. Programu inayotaka kufungua nyingine kwanza humwendea msimamizi wa skrini, humwonyesha ni tukio gani la mtumiaji lililoisukuma, na hupewa tokeni. Tokeni hiyo huipitisha kwa mwenzake kwa njia yoyote ile, hata kwa yule mkubwa aliyekwisha kuwa kazini, naye huirudisha kwa msimamizi pamoja na dirisha lake. Ni kama barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa: aliyeibeba hapati mamlaka yoyote kwa kuibeba, na ofisi inayoipokea ndiyo itakayoisoma tarehe, ilinganishe na kumbukumbu zake, kisha iamue. Hakuna anayeaminiwa kwa neno lake, kwa sababu aliyeshuhudia kidole kikibonyeza ni msimamizi mwenyewe. Sijaona jibu lililo safi kuliko hili. Lina gharama yake, nayo ni kwamba kila kiungo cha mnyororo lazima kikumbuke kuipitisha tokeni. Mmoja akisahau, dirisha hubaki nyuma.

Apple nayo ilielekea huko huko kwa njia yake: katika macOS 14 ya mwaka 2023 iliutangaza kuwa umepitwa na wakati ule mwito wa kale ulioiruhusu programu kujiweka mbele bila kujali nyingine, na badala yake programu iliyo mbele humwachia kwa hiari yule inayemtaja. Android 10, mwaka 2019, iliziwekea mpaka programu zilizo nyuma zisifungue skrini zao juu ya kazi ya mtu. Hawa ni washindani wasiopatana juu ya mambo mengi, na walianza mahali tofauti. Kwamba wote wamefika kwenye kanuni moja, ya mwenye haki kukabidhi, kwangu ni ushahidi mzito kuliko hoja yoyote ya nadharia.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia ni la dharura. Itakuwaje moto ukiwaka, seva ikianguka, simu ikiita? Jibu ni kwamba dharura inahitaji kuonekana na kusikika, haihitaji kibodi. Onyo linaweza kukaa juu ya madirisha yote, likapiga kengele, bila kunyakua hata herufi moja. Android inafanya hivyo hivyo kwa simu inayoingia: simu ikiwa imefungwa, taarifa hujaza skrini nzima, ikiwa mtu anaitumia, hutokea kama kibandiko juu, na kazi yake huendelea chini. Hata Windows yenyewe hujitii. Tangu Vista, programu isiyokuwa mbele ikiomba mamlaka ya msimamizi, swali la ruhusa haliruki usoni. Humemeta kwenye upau wa kazi hadi mtu alibofye. Ikiwa mfumo endeshi unaona haufai kuruka foleni, programu ya kuonyesha sasisho la kichapishi ina udhuru gani?

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo sitalipuuza. Dirisha lililojificha nyuma nalo ni tatizo, hasa kwa mtumiaji asiyezoea kompyuta. Karani anabonyeza "Chapisha risiti", hakuna kitu kinachoonekana, anabonyeza mara tatu zaidi, na mteja anasubiri. Ni kweli, na mimi nasema kosa hilo huangukia programu inayofungua kuliko inayofunguliwa. Aliyebonyezwa ndiye mwenye haki. Alipaswa kuikabidhi waziwazi kabla ya kumwita kisomaji cha PDF, au, kama kazi itachelewa, kuonyesha ndani ya dirisha lake mwenyewe kwamba risiti inaandaliwa. Badala yake wengi hufungua programu ya pili kisha huiachia ijipiganie. Na kinyume chake pia kipo: kazi ambayo mtumiaji hakuiomba ionekane, kama nakala rudufu ya saa sita usiku au ubadilishaji wa faili, ifunguliwe tangu mwanzo kwa maelekezo ya kutojitokeza. Njia zipo. Windows humruhusu mwenye kufungua kutaja dirisha la kwanza lije likiwa dogo na bila fokasi. MacOS ina amri ya open yenye alama ya -g kwa kazi hiyo hiyo. Maelekezo hayo ni ombi zaidi kuliko amri, na mtoto mkaidi anaweza kuyapuuza, lakini kutoyatoa kabisa ni uzembe.

Jambo hili halikai kwenye meza za ofisi tu. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi wa Machi 2007, mamilioni ya watu wa eneo letu wamezoea dirisha linaloletwa na programu iliyo mbali, hasa lile la STK push: mfumo wa muuzaji unatuma ombi, na kisanduku cha kuweka PIN kinatokea juu ya chochote ulichokuwa ukikifanya kwenye simu. Waliosanifu zana za laini ya simu hawakuwa wasahaulifu. Katika viwango vyao, amri ya kuonyesha maandishi ina alama ya kipaumbele, na iliyo ya kipaumbele cha kawaida simu inaweza kuikataa kwa jibu kwamba skrini ina shughuli. Kisanduku cha malipo huja kwa haki pale mteja anapokuwa amesimama dukani ametaja namba yake sasa hivi. Kinachokosekana ni kile nilichokisifu katika Wayland: ombi huelekezwa kwa namba ya simu, na hakuna ndani yake kitu kilichotoka kwenye simu ile ile kuthibitisha kwamba mwenyewe amegusa chochote. Kinga iliyobaki ni PIN, nayo ni kinga ya kweli, maana kibonyezo kimoja cha bahati mbaya hakiwezi kulipa. Hata hivyo tunamfundisha mtu kuandika siri yake kwenye kisanduku kilichomtokea ghafla, na mazoea hayo nayaona ya hatari.

Wengine watasema: mwachie mtumiaji achague. Mazingira ya KDE, katika ulimwengu ule wa Linux, yana ngazi tano za ulinzi huu, kutoka kutokuwepo kabisa hadi ukali wa mwisho, na kila mtu anaweza kujiwekea. Sina ugomvi na mpangilio huo, ila hauondoi wajibu wa mtengenezaji. Wengi hawataufungua ukurasa huo wa mipangilio maisha yao yote. Kwao chaguo-msingi ndiyo sheria. Mashine ya tiketi au ya benki, inayoendesha programu moja tu kwa kukusudiwa, ni suala tofauti: hapo mwenye mashine ameamua mapema dirisha lipi litawale, na mfumo unazo njia rasmi za kulifungia humo bila hila za Alt bandia.

Ndugu zangu mnaoandika programu, na ninyi mnaowafundisha vijana kuziandika, ombi langu ni dogo. Kabla ya kumpa mteja kazi yenu, ianzisheni, kisha mara moja nendeni kwenye dirisha jingine mkaandike aya nzima bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi. Herufi hata moja ikikutwa ndani ya dirisha lenu, msiitoe programu hiyo siku hiyo.